Bili ya stima ikifura, soma mita kabla hujauliza nani alioga sana

Hii naandikia mtu ambaye amepata meseji ya bili ya stima juzi ama leo asubuhi na mpaka saa hii anaiangalia tu, pesa ni mara saba mara nane ya ile amezoea, na siku ya mwisho ya kulipa ni wiki ijayo. Usilipe kwanza. Usiende ofisini kwa Kenya Power kwanza pia, utarudi na hasira tu. Na zaidi ya yote usianze kuita watu wa nyumba yako sebuleni kuwauliza maswali. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, juu kwetu hayo yote yalifanyika na kuna moja mpaka leo inaniuma.

Sisi tuko Kiamunyi hapa Nakuru, nyumba ya kupanga, mita ni ile ya kulipa baada ya kutumia, sio ya tokeni ya kulipa kwanza. Tuko watu sita, mimi na baba watoto, mama yake ambaye wote tunamwita shosho, watoto wawili ambao wameshakuwa wakubwa wa kujifungia bafu, na dada anayetusaidia kazi. Bili yetu tumezoea 2,300 ama 2,400 hivi. Ya mwezi wa saba ikaja 19,480.

Nilidhani wamekosea namba ya simu. Nikaangalia namba ya akaunti, ni yetu.

Sasa mwezi wa saba Nakuru kila mtu anaujua, baridi ya asubuhi inaingia mpaka kwa mifupa, na bafu yetu iko na ile shawa ya stima ya kuwasha papo hapo. Kwa hivyo jioni ile ile kesi ikafunguliwa. Shemeji akapiga simu, akasikia hiyo pesa, akasema bila hata kufikiri, "Ni huyo dada, hao hupiga pasi na kuchemsha maji mkienda kazini." Jirani naye alipoambiwa akasema yeye alimfukuza msichana wake wa kazi kwa sababu kama hiyo. Watoto wakaanza kusukumiana, wewe ndio hukaa bafu nusu saa, hapana ni wewe. Baba watoto hakulaumu mtu lakini alianza kuzunguka nyumba akizima taa nyuma ya watu, na hiyo pia ni lawama, mtu akizimiwa taa akiwa bado anatoka chumbani anaelewa ujumbe.

Shosho hakusema kitu. Alikuwa ameketi pale kwa kiti chake na blanketi miguuni anasikiza tu.

Ni dada ndiye alikuja kuniambia siku chache baadaye, kwa sauti ya chini jikoni, kwamba shosho ameanza kuoga maji baridi. Anaamka mapema kabla ya watu, anachota kwa tenki na beseni, anaoga, anarudi kitandani kama hakuna kitu kimefanyika. Mtu wa miaka sabini na kitu, Kiamunyi, mwezi wa saba, na kifua chake vile kilivyo. Nikaenda nikamuuliza, "Mami, mbona hivi?" Akaniambia, "Mimi ndio sina kazi hapa, na ndio nakaa nyumbani siku nzima. Hiyo stima ni mimi naimaliza."

Nilitoka nje nikalia. Sitaficha. Ile elfu kumi na tisa haikuwa imeniliza, lakini hiyo ilinimaliza kabisa, kwamba bili ikiingia kwa nyumba inatafuta yule hana mshahara na inamkalia yeye. Dada, shosho, mtoto. Na hakuna hata mmoja wetu alikuwa amesoma hiyo bili mpaka chini.

Usiku huo ndio nilisoma.

Bili ina mistari mingi na wengi wetu tunaangalia tu ile ya mwisho yenye jumla. Ya muhimu kwanza ni miwili tu: namba mita ilikuwa imefika wakati uliopita, na namba imefika sasa. Toa moja kwa nyingine, hizo ndizo unit unalipishwa. Zetu zilikuwa 670. Pembeni ya usomaji huwa wanaonyesha kama mita ilisomwa kweli ama walikadiria. Nikatafuta bili za nyuma kwa simu (meseji hizo usifute jamani), na kuanzia mwezi wa pili hadi wa sita zote zilikuwa za kukadiria, unit 95, 95, 95, mwezi baada ya mwezi, kama nyumba yenye watu sita inaweza kutumia stima ileile sawasawa miezi mitano. Hakuna mtu alikuwa amekuja kusoma. Halafu mwezi wa saba msomaji akaja, akachukua namba ya ukweli, na yale yote ambayo hayakuhesabiwa kwa ile miezi yakarushwa kwa bili moja.

Kwa hivyo hesabu yenyewe ni hii. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunatumia kama unit 190 hivi kwa mwezi. Wao wakatuhesabia 95. Kila mwezi unit 95 zikabaki nje, mara miezi mitano ni 475, jumlisha 195 za mwezi wa saba wenyewe, unapata 670. Imetosha kabisa. Hakuna mtu alipiga pasi usiku wa manane. Hakuna mtu alimaliza stima kwa kuoga wiki moja. Ilikuwa deni la miezi sita lililokuja siku moja bila kubisha hodi.

Nilimwamsha baba watoto nikamwonyesha hiyo karatasi nimeandika. Akaiangalia akanyamaza, halafu akasema, "Mwambie mathe asubuhi kabla hajaamka kuoga." Nikakaa macho mpaka saa kumi na moja nikamngoja kwa korido.

Haya, sasa bei. Watu wengi wanadhani unit ni unit, bei moja kwa kila mtu, lakini sivyo. Tangu Aprili 2023 EPRA, ile mamlaka ya serikali inayosimamia kawi na mafuta, waligawa sisi wa majumbani makundi matatu. Anayetumia chini ya unit 30 kwa mwezi alipangiwa shilingi 12.22 kwa unit, wa 30 mpaka 100 akapangiwa 16.30, na wa juu ya 100 akawekwa 20.97. Hizo namba zimeguswa kidogo baadaye, lakini mipaka yenyewe ya 30 na 100 ndio ya kukaa nayo kichwani, juu ukivuka 100 ile bei ya juu inapiga unit zako zote, sio zile tu zimezidi. Kabla ya hapo mpaka wa bei nafuu ulikuwa unit 100, ukashushwa ukawa 30, ndio maana kuna watu walishtuka 2023 na hawakuwa wamebadilisha chochote nyumbani. Kwa wenye tokeni wanaangalia wastani wa miezi mitatu kukuweka kundi lako, ndio unasikia mtu akilia kwamba mwezi huu pesa ileile imempa unit chache, si kwamba ameibiwa, ni kundi limebadilika.

Na hiyo ni bei ya stima yenyewe tu. Juu yake kuna gharama ya mafuta, kuna ile ya kubadilika kwa pesa za kigeni, mfumuko wa bei, tozo za EPRA na za mamlaka ya maji, asilimia 5 ya kusambaza stima mashambani, na VAT asilimia 16. Ukishajumlisha zote, kwetu unit moja ilitoka kama shilingi 29.

Hiyo ya mafuta ndio huwa inakwaza watu wa huku sana, na mimi nawaelewa. Olkaria iko Naivasha, kaunti hii hii yetu ya Nakuru, imetoa stima ya mvuke tangu 1981. Hapa juu Menengai, mlima ambao nauona nikianika nguo, kiwanda cha kwanza cha megawati 35 kilianza kutoa stima 2023. Mvuke hauchomi mafuta. Sasa mbona mtu wa Kiamunyi analipa mafuta? Ni kwa sababu stima yote ya nchi inamwagwa kwa laini moja halafu gharama inagawanywa sisi sote, na kwa hiyo laini kuna mitambo ya mafuta kama ya Kipevu kule Mombasa, ambayo huwashwa sana jioni watu wote wakiwasha vitu pamoja ama mvua ikikosa na mabwawa yakashuka. Gharama hiyo hutangazwa kila mwezi kwa gazeti la serikali. Ile ya pesa za kigeni nayo ni kwa sababu mikopo na mikataba mingi ya kuzalisha stima iko kwa dola, mnakumbuka mwanzo wa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, hata mtu asiyewahi kuishika aliilipia kupitia bili. Mimi bado naona si haki mtu anayeishi chini ya mlima unaotoa mvuke awe anapima kama ataoga maji moto, na nitaendelea kusema hivyo, lakini angalau sasa najua nasema kuhusu nini.

Ofisini. Nilienda nimejiandaa. Nilipiga picha ya mita ikionyesha namba ya mita na ule usomaji, nikaandika tarehe, nikabeba bili zote za kukadiria na ile karatasi yangu ya hesabu. Wa kwanza kunihudumia aliniambia tu, "Madam, hiyo ni stima mmetumia." Nikamwambia sikatai tumetumia, nakataa kulipishwa kwa siku moja kitu ambacho nyinyi hamkuja kusoma miezi mitano. Nikaombwa kukaa. Nikakaa sana. Mwishowe mama mmoja wa ndani akanichukua, akaangalia picha, akafungua kompyuta, akakubali usomaji wa nyuma ulikuwa wa kukadiria. Nilimwomba mambo mawili, tugawiwe hiyo pesa tulipe polepole bila kukatiwa, na waandike kwamba mita isomwe kila mwezi. La kwanza alilikubali, tukalipa sehemu siku hiyo na zingine zikagawanywa kwa miezi. La pili alisema, "Tutajaribu," na sote tulijua maana yake. Lakini akanionyesha kwamba naweza kuwatumia usomaji wangu mwenyewe kwa simu kila mwezi kabla hawajatoa bili, na hiyo imetusaidia kuliko ahadi yoyote.

Kama wewe hukusikizwa kabisa, usiishie kwa dirisha la kwanza. Omba malalamiko yako yaandikwe upewe namba ya kumbukumbu, kisha ukikosa jibu EPRA wanapokea malalamiko ya wateja, ni kazi yao kwa sheria ya kawi ya 2019. Kitu cha kubeba ni picha na tarehe. Maneno matupu ofisini hayashindi kompyuta.

Sasa pesa ilitoka wapi. Chama chetu cha kina mama kilinikopesha ya kuanzia, na nawashukuru hapa hadharani. Gesi ilipoisha hatukujaza mara moja, tukapikia makaa. Shosho alitaka kutoa pesa yake ya maziwa nikamkatalia, tukabishana, mwishowe akanunua unga wa mwezi na mimi nikanyamaza, juu niliona akikataliwa kabisa pia atajiona mzigo. Mtu mzima akitaka kusaidia mwache asaidie kidogo.

Lakini hesabu ilikuwa imeonyesha kitu kingine, kwamba hata bila lile deni sisi ni watu wa unit 190, yaani kila mwezi tungekuwa tunalipa 5,500 badala ya 2,400. Hapo ndipo kazi ya kweli ilipoanza na hapo ndipo nataka ukae na mimi kidogo.

Angalia mita yako, kuna kataa kadogo kekundu (yaani taa ndogo) kanawaka na kuzima. Karibu nako pameandikwa imp/kWh na namba, yetu ni 1000, nyingine ni 1600 ama 3200. Kama ni 1000, kataa kakiwaka mara elfu moja umemaliza unit moja. Basi tulizima kila swichi kwa ile boksi kuu, baba watoto akasimama nje na tochi. Kataa kakakaa kimya kabisa. Hiyo ilituambia hakuna mtu amejiunga na stima yetu kati ya mita na boksi, na hakuna waya inavuja hapo katikati. Kama kako kanawaka na kila kitu kimezimwa, ita fundi mwenye leseni, usianze kuchimbua ukuta mwenyewe.

Tukawasha kitu kimoja kimoja. Friji na taa ya nje peke yake, kataa kakawaka kila baada ya sekunde ishirini hivi. Televisheni, kakaongeza mwendo kidogo tu. Pasi, kakaanza kukimbia. Shawa ilipowashwa, wacha, haraka kuliko sekunde, baba watoto alihesabu 83 kwa dakika moja. Watoto walikuwa wamesimama pale nje na sweta wanaangalia na hakuna mtu alihitaji kuwaambia chochote.

Shawa yetu ni ya kilowati 5. Dakika kumi ni karibu unit moja, kama shilingi 24 hivi. Watu sita wakioga dakika sita sita kila siku ni unit 3, na kwa mwezi ni 90. Nusu ya stima yetu yote ilikuwa inaingia kwa bomba la maji machafu. Na si kosa la mtu mmoja, ni watu sita wakioga kawaida kwa baridi.

Ya pili ilinishangaza zaidi, taa ya nje. Ilikuwa balbu ya zamani ya wati 60 inawaka usiku kucha kwa usalama, masaa kumi na mawili kila siku, hiyo ni zaidi ya unit 21 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 600 kumulika geti. Tukaweka ya LED ya wati 9, sasa inakula unit 3 na kitu na mwanga ni uleule. Kama unaweza kufanya kitu kimoja tu leo kwa pesa kidogo, fanya hicho.

Kuhusu shawa tulikubaliana hivi. Shosho anaoga maji moto ya shawa kila siku, na hilo halijadiliwi. Sisi wengine tunachemsha maji kwa birika ya stima, tunachanganya kwa beseni, lita kumi za kuoga zinataka kama robo unit tu kufika joto la mwili, yaani chini ya theluthi moja ya ile dakika kumi ya shawa. Jumapili kila mtu anapata shawa yake. Ile hita ya kuchovya kwa ndoo tulikataa, najua ni rahisi na wengi wanayo lakini na watoto nyumbani mimi siiamini, watu wamepigwa na stima nayo. Pasi ni mara moja kwa wiki nguo zote pamoja, juu kila ukiianzisha inakula kwanza ya kupata moto. Mpira wa mlango wa friji ulikuwa umelegea, fundi akabadilisha, na tukaisogeza kutoka kwa ukuta ipate hewa nyuma.

Kila jioni ya Jumapili mtoto wetu mkubwa anasoma mita na kuandika kwa daftari lililofungwa na kamba kando ya mlango. Ni yeye aliomba hiyo kazi. Mwezi wa tisa tulifika unit 112, wa kumi 96, tukarudi kundi la katikati. Ile 2,400 ya zamani tumeikaribia tena, lakini safari hii ni ya ukweli, imesomwa.

Deni bado tunalipa, imebaki sehemu mbili. Dada yuko, na shemeji alipokuja kututembelea nilimweka chini nikamwonyesha daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha akaenda jikoni mwenyewe akamwambia pole. Landlodi tumemwomba ruhusa ya kuhamia mita ya tokeni, amesema ataweka sahihi akitoka Molo. Kama kuna mtu wa huku amebadilisha karibuni, niambie ilichukua muda gani na kama ulimaliza deni la zamani kwanza ama lilihamishwa kwa tokeni likakatwa kidogo kidogo, juu hapo ndio tumebaki tukiuliza.